Mashine Haikuapa

Suud mwenyewe ndiye aliyebonyeza. Nalisema hilo kila ninaposimulia, maana wako wanaoapa kuwa mkono ulikuwa wangu. Alisimama nyuma ya Landrova yake, mlango wa nyuma umelazwa ukawa meza, kanzu yake imepigwa pasi hadi mikononi, na kidole kikashuka juu ya tepurekoda kwa madaha.

"Sikilizeni," akasema. "Mtajisikia wenyewe."

Nami upande wa pili wa pazia nikakiweka kikombe changu chini, nisije nikakimwaga kwa furaha.

Ilikuwa mwaka 1969. Sisi tuliotoka Unguja tulikuwa bado wageni hapa Maskat, tumebanana kwenye vyumba vya jamaa, hata Kiarabu chetu kinachekwa sokoni. Suud, mtoto wa ami yetu, alikuwa amepata kazi kwenye mafuta, na gari chini ya makalio yake. Siku ile alitupeleka mandari Bawshar, nje ya mji, tukale chini ya mitende, na kila mtu alijua kwa nini. Alikuwa anamtaka Hind, binti wa Ami Marhoon, na alitaka mkwe aone mwenyewe anampa binti yake nani.

Basi akavitoa vitu vyake kimoja kimoja. Sanduku la barafu lenye mkanda. Jiko la mafuta ya taa la kupampu. Chupa za chai zisizopoa hadi kesho yake. Feni ndogo iliyokula umeme wa betri ya gari, ikimpulizia Ami Marhoon ndevu. Watu wazima na akili zao wakawa wanapokezana kipande cha barafu na kucheka kama watoto. Hata mie nilikipokea. Barafu ilikuwa haijanikosea.

Aliyenikosea ni yeye. Dada yangu Kheiria alikuwa mke wake huko Unguja. Suud aliugua matubwitubwi ukubwani, na daktari akawaita wote wawili akawaambia wazi: huyu bwana hatozaa. Suud akalia, akamwomba mkewe amsitiri. Kheiria akamsitiri. Malipo yake yakawa nini? Bwana akamwacha mbele za watu, akasema amechoka kulima shamba lisiloota. Tangu hapo, mtoto mchanga akiletwa ukumbini, wanawake wanamhamisha taratibu kumpitisha mbali na mikono ya dada yangu. Nimeyaona haya kwa macho yangu, harusini na matangani.

Mie niliyajua kwa sababu Kheiria aliniambia, na kabla ya kuniambia aliniapisha juu ya Mus-haf kuwa mdomo wangu hautolitamka neno lile.

"Si kwa ajili yake," alisema. "Kwa ajili ya mama yake. Bi Mahbuba akijua mwanawe wa pekee hana kizazi, atakufa. Amenihangaikia yule mama. Kila wiki alinichemshia miti ya uzazi, akanishikia kikombe mpaka niimalize."

Niliapa. Na kiapo ni kiapo, sina dini ya kuchezea. Lakini dhulma sikuisahau. Kila nilipomuona Suud anacheka nilitamani meno yale yamtoke.

Mandarini nilialikwa kwa sababu kuniacha kungeleta lawama, na kwa sababu ya sambusa zangu. Shuka lilifungwa kutoka kwenye gari hadi kwenye mtende, wanaume huku na wanawake kule, na ile meza ya nyuma ya gari ikawa katikati, kila upande unachukua chake. Baada ya chakula Suud aliipitisha tepurekoda, kila mtu aseme neno. Bi Nasriya, mama yake Hind, akatoa salamu ndefu. Wasichana wakachekacheka. Hind mwenyewe alikataa, akajifunika uso.

"Kidude chekundu na hiki cha jirani yake," Suud alinieleza, "unavibonyeza pamoja. Umefahamu, Masouda?"

"Hebu nieleze tena, mwanangwa. Sie akili zetu za jikoni."

Akanieleza tena, polepole.

Ikakaribia Alasiri. Watu wakaanza kuinuka kwenda kutawadha kwenye mfereji, na mie nikamsogelea Bi Mahbuba. "Bi Nasriya kaniambia wanataka bwana na bibi harusi wapimwe na daktari kabla ya kuoana. Ndiyo mambo ya siku hizi."

Ulikuwa uongo mtupu. Mola anisamehe, lakini siku ile wala sikumwomba.

Bi Mahbuba akabadilika rangi. Nilijua atamkimbilia mwanawe, na mwanawe itambidi amwambie ukweli. Suud alikuwa amebaki nyuma kuzima jiko, kanipa mgongo. Nikavibonyeza vidude vile viwili, nikaifunika mashine kwa kitambaa cha sambusa, nikaenda kutawadha na wenzangu. Nilirudi wa kwanza nikaizima. Mie niliapa, lakini mashine haikuapa.

Ndiyo maana, baada ya sala, Suud alipoirudisha nyuma kaseti na kubonyeza, nilikiweka kikombe chini. Salamu za Bi Nasriya zikasikika, watu wakashangilia. Vicheko vya wasichana, watu wakashangilia tena. Halafu jiko likavuma, likanyamaza, ikaja sauti ya mwanamke mzima.

"Suud, wanataka upimwe."

"Nani kasema?"

"Masouda kasikia kwa mama mtu. Wakipima watajua ni wewe usiyezaa."

"Sendi popote kupimwa. Nikishamuoa, asipozaa tutasema ni yeye, kama tulivyosema kwa Kheiria."

"Kheiria nilimnywesha miti, watu wakaona, wakaamini. Huyu nitamnywesha nini?"

Suud aliruka kuizima. Ami Marhoon akanyoosha fimbo yake juu ya mkono wake. "Usiiguse."

Mkwe akisema usiguse, huwezi kugusa. Akasimama pale, mkono hewani, na sauti yake mwenyewe ikaendelea kumwambia mama yake asiwe na wasiwasi, mwanamke tasa hakosi la kusema na hakuna wa kumuamini. Feni ilikuwa bado inazunguka. Hind akanyanyuka, akaenda kukaa nyuma ya mama yake.

Ami Marhoon akaitoa kaseti, akaitia mfukoni. "Fungasheni."

Tungepanda nini? Gari lilikuwa moja. Tukarudi wote kwenye Landrova ya Suud, tumebanana magoti kwa magoti, naye mbele anaendesha mbio tuwahi kabla lango la mji halijafungwa, na hakuna aliyemwambia hata "angalia shimo." Ilikuwa safari tamu kuliko zote nilizosafiri.

Alitushusha. Mie wa mwisho. Akasema, "Ni wewe, Masouda."

"Mie nimesema neno gani, Suud? Nitajie moja."

Akatia gia, akaenda zake.

Nyumbani Kheiria alikuwa anashona. Nikamwambia yote nimesimama, sijavua hata shela, nikimwiga Suud na mkono wake hewani. Nilidhani atacheka.

"Bi Mahbuba alijua?" akauliza.

Hapo ndipo nilipofahamu nilichomletea. Ningeweza kusema hapana.

"Alijua," nikasema. "Alijua tangu mwanzo."

Akaichomoa sindano kwenye kitambaa, akaichomeka kwenye kanga yake kifuani. Nikadhani atanikumbusha kiapo, nikajitayarisha kujitetea.

"Kaseti iko wapi?"

"Kwa Ami Marhoon. Nikakuombee?"

"Wacha iwe huko huko," akasema. "Nyumba yao haikosi wageni wa kuisikiliza."