Pumziko la Mjomba Seabelo

Mjomba Seabelo alipostaafu kazi ya reli, walimpa blanketi na mkono wa kwaheri, akarudi kwake Mahalapye. Wanawe wakamnunulia simu ya kisasa. Binamu yangu Thuso, anayesimamia kundi letu la ukoo la WhatsApp, akamwingiza siku hiyohiyo, na sote tukamkaribisha kwa vigelegele.

Sheria za kundi lile hazikuwahi kuandikwa, lakini kila mtu alizijua. Mama Mdogo Onalenna anatuma sala ya asubuhi aliyoirekodi kwa sauti yake, wawili watatu wanajibu "Amina" kwa niaba ya ukoo mzima, wengine tunasikiliza na kunyamaza. Msiba ukitangazwa, vichekesho vinasimama mpaka marehemu azikwe. Na hutoki kwenye kundi hata ukiudhiwa vipi, maana kutoka ni sawa na kuinuka katikati ya kikao na kubamiza mlango.

Mjomba hakujua hata moja kati ya hizo. Yeye alijua kusalimia. Kila alfajiri alianza juu ya orodha ya majina akashuka nayo. "Dumela, Mma Onalenna. Umeamkaje? Mimi nimeamka salama. Watoto wameamkaje?" Akimaliza huyo anaandika ujumbe mwingine kwa anayefuata, maneno yaleyale, hukohuko mbele ya wote. Aliyechelewa kujibu aliulizwa hali. Mwanawe alikuwa amemfundisha namna ya kuona nani amesoma, na elimu hiyo aliitumia vizuri. Nikiwa dukani kwangu Gaborone, nampimia mteja kitambaa, simu inatetemeka: "Gorata, naona umenisoma. Unaumwa?"

Habari za maana zikawa zinazama. Mtoto wa Sedilame, binamu yetu mwingine, alizaliwa asubuhi, mimi nikajua jioni, kwa sababu tangazo lilikuwa limefukiwa chini ya salamu za watu arobaini.

Na nani angemwambia? Yeye ndiye mjomba wetu mkubwa. Bila yeye hakuna binti anayetolewa nyumbani, hakuna mahari inayopokelewa. Thuso alisema afadhali aseme Mama Mdogo, kwa kuwa ni dada yake wa damu. Mama Mdogo akasema aseme Thuso, kwa kuwa ndiye aliyemwingiza. Mwishowe Thuso akafungua kundi la pili, watu walewale isipokuwa Mjomba, akalipa jina "Pumziko la Mjomba". Kwa picha aliweka mawingu yaliyopasuka yakipitisha mwanga. Alimaanisha utulivu tu. Tukahamia huko na habari zetu, tukawa tunarudi kundi la zamani asubuhi kujibu salamu, kama mtu anayepita kumwona mgonjwa.

Tulistarehe wiki kadhaa. Kisha Mama Mdogo, akitaka kumwingiza mkwewe Seabe, akagusa Seabelo.

Kwenye makundi yale mgeni haoni yaliyoandikwa kabla yake. Mjomba alichoona ni jina, mawingu yale, na ujumbe wa kwanza uliofuata, ambao Sedilame aliuandika bila kutazama nani ameingia. Alikuwa akiulizia sherehe ya mtoto wake: nani ataleta masufuria makubwa Jumamosi, na hema litatoka wapi?

Siku hiyo Mjomba hakusalimia mtu. Kesho yake pia kimya, makundi yote mawili. Tukataka kuulizana kwa siri, ila sasa hatukuwa na mahali pa kuulizana. Jioni akanipigia.

"Gorata, mwanangu, wewe hujawahi kunidanganya. Pale zahanati waliniambia ni presha tu. Wewe umesikia nini?"

"Kuhusu nini, Mjomba?"

"Kuhusu pumziko langu." Akakohoa kidogo. "Mimi sibishi. Nimeishi. Ila yule ng'ombe mwekundu asichinjwe, ana mimba."

Nilikaa juu ya robota la vitambaa. Nikamwambia jambo la kwanza lililonijia kichwani, kwamba ni pumziko la kustaafu, kwamba reli haikumfanyia sherehe na ukoo ulikuwa unamwandalia yake kimyakimya. Nikasikia akicheka, kicheko cha mtu aliyerudishiwa roho yake. Akasema kumbe ndiyo maana tulimficha.

Basi ikabidi sherehe iwepo. Thuso, kwa kuwa ndiye aliyelibatiza kundi, alitoa mbuzi wawili huku akininunia. Sedilame akakubali Jumamosi ya mtoto wake iwe ya Mjomba pia. Wanaume walichemsha nyama wakaiponda tangu alfajiri, kama ilivyo desturi yetu, wanawake wakasonga ugali wa mtama, na Mama Mdogo akatengeneza kinywaji cha tangawizi kikali cha kutoa machozi.

Mjomba alikuja na suti yake ya kanisani. Alikula, akambeba mtoto, akaketi naye kwa muda mrefu. Kisha akasimama kushukuru. Alishukuru vizuri, mmoja mmoja, kwa majina, na chakula kikapoa. Alipofika mwisho akatoa simu mfukoni.

"Nina swali dogo," akasema. "Hapa pameandikwa siku kundi hili lilipofunguliwa. Ni zamani. Na sherehe hii nyie mmeihangaikia tangu juzi juzi, maana Thuso bado anatafuta hema mpaka sasa. Wiki zote hizo mlikuwa mnazungumza nini humu?"

Thuso akajiongezea nyama kwenye sahani. Mama Mdogo ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Kaka," akasema, "salamu zako ni nyingi."

Nilidhani atakasirika. Akaketi, akauliza kwa upole kabisa salamu zinazotosha ni ngapi, na sheria hiyo iko wapi aisome.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Thuso akasema unasalimia mara moja kwa wote. Sedilame akasema husalimii kabisa, unajibu sala. Mama Mdogo akasema sala haijibiwi kwa kidole gumba, inajibiwa kwa maneno. Thuso akamwambia sala yenyewe inachukua dakika kumi kusikiliza, na sauti ya jogoo ndani yake. Mama Mdogo akamuuliza, na zile picha zake za mpira, nani aliziomba? Mimi nikajaribu kuwatuliza, nikasema kila mtu afanye kwa kiasi.

"Wewe nyamaza," Sedilame akanikata. "Wewe ni kama mlinzi wa getini. Unatuona wote tukiingia na kutoka, neno hulitoi."

Walicheka mpaka wapondaji nyama kule nje. Mjomba alikuwa akitafuna mfupa taratibu, akimgeukia kila anayesema, na sijawahi kumwona na furaha kama ile. Kelele zilipopungua akafuta mikono, akasema amesikia. Kuanzia kesho, kwenye kundi atasalimia mara moja tu, kwa wote.

Na kweli, asubuhi iliyofuata ujumbe ulikuwa mmoja. "Dumelang nyote." Tukajibu kwa shangwe. Nikarudisha simu chini ya mto nipate usingizi kidogo.

Ikaita.

"Gorata. Umeamkaje?"

"Mjomba? Si tulikubaliana?"

"Yale ni ya kundini. Hapa tuko wawili."

Nikamwambia nimeamka salama. Akauliza duka likoje. Nikaanza kusema liko salama, halafu nikajikuta namweleza kwamba mwenye jengo anataka nihame, na kwamba sijui niende wapi, jambo ambalo sikuwa nimeliandika katika kundi lolote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema atapanda basi Alhamisi, aje amwone huyo mwenye jengo ana kwa ana.

"Asante, Mjomba," nikasema. "Sasa nieleze na wewe, presha ikoje?"

"Utanipigia jioni," akasema. "Sasa niache, Thuso anaingia zamu ya Jumapili saa moja na bado sijamwamsha."