Nyani wa Kigwena na Meno ya Beatrisi

Beatrisi alikuwa hajamaliza kufunga kitenge vizuri, na nyani wa kwanza alikuwa ameshang'oa shina la muhogo. Alikuwa dume, amekaa juu ya tuta anamenya, mnene kuliko mtu yeyote wa Kigwena anayeishi kwa jembe. Beatrisi hakupoteza muda kumtukana. Alitia jiwe kwenye kombeo, akalizungusha, akaachia. Jiwe likapita karibu na sikio la nyani. Nyani akahama tuta moja, akaendelea kula.

"Banyani beko tena mu muhogo yako!" Elda akapaza sauti kutoka ng'ambo ya njia, alikokuwa anaanika ndagala wake juani. Elda alikuwa Mkongomani wa upande wa Uvira, mchuuzi wa samaki, na kazi yake ya pili ilikuwa kutangaza mambo ambayo kila mtu anayaona.

"Nimewaona, Elda. Murakoze kwa habari."

Shamba lenyewe lilikuwa hilo moja, kati ya msitu na njia. Muhogo ule ukiisha, chungu cha Beatrisi na wajukuu wake kingekaa kifudifudi mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo aliokota jiwe la pili, kubwa zaidi.

"Mama Beatrisi! Weka jiwe chini!"

Alikuwa Zabroni, mlinzi wa msitu, anakuja mbio na buti mpya alizopewa na mradi wa kuhifadhi msitu. Zabroni alikuwa mtoto wa jirani. Beatrisi alimjua tangu anatambaa.

"Amahoro, Zabroni. Una nini?"

"Kupiga nyani iko mwiko, mama."

"Mwiko wa nani?"

Zabroni akatazama buti zake. "Wa kwako."

Akampeleka hadi ukingoni mwa msitu, mahali paliposimikwa kibao kipya kilichofunikwa shuka, kikisubiri wageni wa kukizindua. Akainua pembe ya shuka. Rangi ilikuwa bado inanuka. *Kwa mila za mababu wa Kigwena, nyani hapigwi jiwe. Atakayempiga atang'oka meno. Imesimuliwa na Mama Beatrisi, mzee wa mila.*

"Watu wanasema wewe mwenyewe ndiye ushahidi," Zabroni akaongeza kwa upole. "Meno mawili ya mbele hayako."

"Haya yaling'olewa na daktari, Ulyankulu!"

"Ile haikuandikwa, mama. Sasa nipe kombeo. Shefu wa mradi ameniambia nikikuona nalo nilichukue."

Beatrisi akampa. Angefanya nini? Aliyeuwasha moto huu ni yeye mwenyewe.

Mambo yalianzia kwenye semina ya mwezi uliopita. Bwana Nestori, mkubwa wa mradi, alikuja kutoka Bujumbura na kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia ndani yake, akakusanya wazee kwenye banda la kanisa. Alitaka kusikia maarifa ya wenyeji kuhusu wanyama. Beatrisi alinyoosha mkono kwanza, akaeleza kwa nini nyani wanatoka msituni. Nestori alimsikiliza, akatabasamu, akasema, "Hiyo ni plente, mama, ni malalamiko, si mila. Mababu walisema nini?"

Mababu! Beatrisi alizaliwa hukohuko Ulyankulu, Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi. Babu yake hakuwahi kumwona hata kwenye picha. Lakini nyuma ya banda sufuria la wali na nyama lilikuwa linachemka, na wasio na mila walikuwa wameanza kuagwa kwa adabu. Basi Beatrisi akamfufua babu. Babu akasema nyani hapigwi jiwe. Watu wakapiga makofi, na makofi hayana adabu, yakamvimbisha kichwa: akaongeza habari ya meno. Wali ulikuwa mtamu. Hilo hakulijutia hata leo.

"Ulikula nyama, sasa nyama inakukula," Elda akasema aliposikia. "Enda umwambie ule musyo Nestori kama uliongopa."

Beatrisi akaenda. Nestori alikuwa chini ya turubai, anapanga viti.

"Bwana Nestori, ile habari ya nyani niliongopa."

"Hapana, mama. Ule ni urithi."

"Ni uongo. Niliutunga palepale, kati ya Fanta na wali."

Nestori akamvuta pembeni. Tabasamu lilibaki, sauti ikashuka. "Mama, rapore, ile ripoti ya semina, imeshaenda. Imetafsiriwa. Wageni wanatoka Bujumbura kuja kukuona wewe. Ukikana, prozhe, mradi wote, itafungwa, na Zabroni atarudisha buti."

Zabroni alikuwa karibu. Alisogeza tu mguu mmoja nyuma ya mwingine, kama mtu anayeficha kitu. Beatrisi akamwonea huruma, akajionea huruma na yeye. Kusema kweli kungemnyima kijana kazi. Kunyamaza kungempa nyani shamba. Akaketi kwenye kiti cha mzee wa mila, akafikiri.

Wageni wakafika kabla ya jua kuwa kali: Wazungu wawili na Daktari Akonkwa, mama mtaalamu wa misitu kutoka Bukavu. Shuka ikavutwa, picha zikapigwa, na Beatrisi akaombwa arudie mwiko ili Nestori autafsiri kwa Kifaransa.

"Nyani hapigwi jiwe," akaanza. Nestori akashusha pumzi. "Lakini mwiko una mwili na una mkia. Siku ya semina nilisema mwili, wali ukaiva, mkia ukabaki. Mababu walisema hivi: anayekataza jiwe ndiye anayelinda shamba. Akae katikati ya muhogo, apige kelele kwa mikono yake mpaka wanyama warudi msituni. Asipofanya hivyo, meno yatakayong'oka ni yake."

Nestori akawageukia Wazungu, akasema maneno machache sana.

Daktari Akonkwa akakohoa. "Samahani, Nestori. Umesema tu kama mababu walipenda nyani. Mama amesema mengi." Naye akayatafsiri yote, na meno akayaonyesha kwa kidole.

Wazungu walifurahi mno. Yule mrefu akauliza jambo.

"Anauliza mulinzi anaanza siku gani," Akonkwa akasema.

"Mababu hawakupenda kuahirisha," Beatrisi akajibu.

Wakatazamana, wanawake hao wawili, na Beatrisi akajua ameshagunduliwa. Akonkwa hakucheka hata kidogo. "Na kwetu Kivu mwiko kama huu iko," akawaambia wote. "Na kwetu, mukubwa wa prozhe ndiye anaanza."

Basi Nestori akaanza. Elda alimletea bidoni tupu la maji na kijiti cha kulipigia, bila kuombwa, akabaki kusimama njiani ili asikose kitu. Wageni walimpiga picha akiwa katikati ya matuta na viatu vyake vya kung'aa, kisha wakaenda Rumonge mjini kula samaki, wakaahidi kumpitia wakirudi. Zabroni aliwekwa upande wa pili. Nyani wakarudi nyuma hadi kwenye miti ya kwanza, wakakaa kungoja. Wao hawakuwa na rapore ya kupeleka popote.

Jua lilipopanda, kizibao kikavuliwa. Nestori akajifuta shingo.

"Mama, hawa wanyama, kwa nini hawali mule mule msituni?"

Beatrisi, aliyekuwa anapalilia karibu naye, akainuka. "Nilikwambia siku ya semina. Kando ya kijito kulikuwa na mikuyu. Ilikuwa inazaa, nyani wanakula kule, huku hatuwaoni. Ikakatwa, ikapandwa ile michikichi. Tangu hapo wanakula kwangu. Tawi la mkuyu ukilichomeka mvua za kwanza, linashika. Warudishieni mikuyu yao, na kombeo mtabaki nalo."

Nestori alikuwa ameshatoa kalamu. Akaitazama michikichi, safu kwa safu mpaka kijitoni. "Yule bwana mwenye michikichi iko kwenye komite yetu," akasema polepole. Halafu macho yakamng'aa. "Lakini kama ni mila, atasema nini? Ni babu yako alisema hivyo?"

Ingekuwa rahisi. Neno moja tu, na mwezi ujao kingesimama kibao cha mikuyu. Beatrisi akafungua mdomo, akaona haya, haya ya kweli, siyo kwa ajili ya uongo wake bali kwa ajili ya macho yake mwenyewe, yaliyokuwa yameona kila kitu na hayakuwahi kuandikwa mahali.

"Babu ameshasema ya kutosha," akajibu. "Haya nimeyaona mimi. Andika Beatrisi ameyaona."

Nestori akangoja kidogo, labda atabadili neno. Kisha akafunika kalamu bila kuandika kitu, akairudisha kwenye mfuko mmoja kati ya mingi.

Lile dume likashuka mtini, likatembea taratibu hadi tuta la kwanza, likashika shina la muhogo.

"Piga bidoni," Beatrisi akasema.