Mawe ya Sikio la Dorado

Eneida alikuwa ameinama akipasua dorado, samaki mkubwa wa mtoni, damu imemfika viwikoni, mwanamke asiyemjua aliposhuka mtumbwini na kupiga kelele, "Mama, usikitupe hicho kichwa!"

"Nani kakwambia nakitupa? Kichwa ni cha baba yangu. Kama una njaa, muhogo uko jikoni."

Mgeni alicheka, akajitambulisha. Jina lake Yaneth, wa chuo kikuu cha mji wa Trinidad, hukohuko Bolivia. Alikuwa amepanda mto Madre de Dios kijiji kwa kijiji akitafuta dorado, na dorado huyu ndiye wa kwanza kumwona. Hata kwa Eneida alikuwa wa kwanza baada ya misimu miwili.

Alichotaka ni mawe mawili ya sikio yaliyomo ndani ya kichwa hicho, kila moja kama punje ya mchele. Jiwe hukua pamoja na samaki, alisema, tabaka juu ya tabaka, na kila maji anayopita huacha chumvi zake humo. Ukilipima unajua alizaliwa wapi, akateremka lini hadi mdomo wa Amazoni, akarudi lini huku juu.

"Na kama nyuma yake wanakuja wengine, litasema?"

Aliyeuliza ni mzee Nicanor, baba yake Eneida, aliyekuwa kwenye machela akisuka jarife, wavu wa samaki wakubwa. Kwao mifupa ya kichwa cha dorado ilirudishwa mtoni baada ya kuliwa, yote, ili samaki wasisahau njia. Maisha yake yote hakuwahi kupunguza hata mmoja.

"Litasema huyu alipita lini, mzee. Kabla ukuta wa bwawa haujafungwa kule chini, au baada. Akiwa wa baada, basi kuna wanaopenya."

Mzee alifunga fundo la jarife, akalivuta likakaza.

"Mpasulie," akasema. "Lakini wewe Eneida, watakachoona utaniambia kilivyo. Usinifanye mgonjwa."

"Nitakuambia, baba."

"Apa."

"Baba nawe! Si nimesema?"

Miezi saba ikapita. Mzee alimaliza jarife lile, akaanza jingine lenye matundu mapana zaidi. Dada yake Eneida aliwaita wahamie mjini Riberalta. Mzee akasema hahami mtoni dorado wakiwa njiani.

Siku Yaneth alipopiga simu, Eneida alipanda hadi kiwanja cha mpira, mahali pekee mtandao unaposhika.

"Yule samaki alikuwa na miaka kumi na minne, dada. Alirudi huku mwaka mmoja kabla ya ukuta kufungwa. Tangu hapo tumepata wengine tisa. Wote wazee kama yeye."

"Hakuna hata mdogo mmoja?"

"Hata mmoja. Pole, dada."

Aliporudi, mzee alikuwa anakula. Wiki nzima alikuwa akigusagusa tu chakula, leo ameomba ndizi za kuongezwa.

"Yule binti wa chuo kapiga? Au kaolewa katusahau?"

Angeweza kusema bado wanapima. Ndizi zilikuwa zinatoa mvuke.

"Kapiga, baba. Huyu alipita kabla ya ukuta. Nyuma yake hakuna."

"Hata watoto?"

"Hata watoto."

Mzee aliisogeza sahani taratibu, akalala kwenye machela, akageukia ukutani. "Asante," akasema.

Eneida alikaa kando yake. Alitamani kuongeza neno, lolote la kumpoza. Lakini alikuwa ameahidi; akaifunika sahani ya ndizi.