Fisi Maji wa Ng'ambo

Orpah, ambaye wengi humwita Mama Ian, hupeleka wageni msituni Jumapili badala ya Jumamosi, maana Jumamosi ni Sabato yake. Jumapili hiyo aliwapokea Megha na mumewe Abhishek, wenye duka la vitambaa mjini Kisii, akawateremsha hadi mtoni chini ya Ekerenyo, kwenye kipande cha msitu ambacho wanakijiji wamekataa kikatwe. Kwenye simu alikuwa amewaahidi fisi maji watatu, mama na watoto wawili, ambao kila asubuhi huvua kaa karibu na mwamba.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu juzi. Mto ulikuwa umejaa, na gogo la kuvukia lilikuwa limesombwa.

"Wale pale!" Megha alinong'ona.

Upande wa pili, vichwa viwili vidogo vilizunguka mahali pamoja, vikilia kama vifaranga. Orpah alianza kutabasamu, kisha akaona chupa za plastiki zikitikisika juu ya maji. Zilikuwa zimefungwa kwenye wavu wa samaki. Pua ya mama yao ilitokeza, ikavuta hewa, ikazama tena.

"Amenaswa," Orpah alisema.

Abhishek alivua viatu papo hapo. Orpah akamkamata mshipi. "Usiingie! Wiki jana maji haya yalibeba mtamba wa jirani."

"Lakini ni hatua ishirini tu, Mama Ian!"

"Hata tano huzimalizi."

Wavu aliujua. Ulikuwa wa shemeji yake, Omwenga, anayeishi ng'ambo. Akampigia.

"Shemeji, nyavu yako imeshika fisi maji. Njoo ukate."

"Niko Masimba," Omwenga alijibu. "Kata tu, shemeji. Sijali hiyo nyavu."

"Mto umejaa. Siwezi kufika."

"Basi naanza kuja sasa hivi," Omwenga alisema, ingawa wote wawili walijua huo ni mwendo wa saa nyingi.

Juu ya ukingo wa pili wanawake wawili walikuwa wakichuma majani chai. Orpah aliita mpaka sauti ikakauka. Megha alipunga mtandio wake mwekundu. Mmoja wa wale wanawake aliinua kichwa, akapunga mkono kwa furaha, akaendelea kuchuma. Abhishek aliokota tawi refu, akalinyoosha juu ya maji, lakini halikufika hata nusu. Akalitupa, mto ukaondoka nalo.

Pua ilitokeza tena. Waliikodolea macho wote watatu, wakijikuta wanavuta pumzi pamoja nayo. Kisha chupa zikatulia.

"Pengine amepumzika," Megha alisema.

Mtoto mmoja alipanda juu ya wavu, akaupigapiga kwa viganja.

"Hawa wadogo wanajua kuvua wenyewe?"

"Sijui, mama," Orpah alisema. "Mimi huwa nawaangalia tu."

Walikaa hadi adhuhuri, wasijue wanangoja nini. Megha alikuwa amebeba chapati na viazi; haukufunguliwa hata mfuko. Mwishowe Orpah aliwapandisha hadi barabarani. Alitaka kuwaomba msamaha, ila hakujua wa kosa gani.

Saa kumi simu yake iliita.

"Nimemtoa, lakini alishakufa," Omwenga alisema. "Wale watoto bado wako hapa, hawataki kuondoka. Sasa nifanye nini, shemeji?"

Orpah alishika simu sikioni, akisikia mto na vile vilio vyembamba.