Paa la Madebe

Mwaka 1996 kupata chumba cha kupanga mtaa wa Makanyagio, mjini Mpanda, ilikuwa kazi. Kila treni iliyoingia Mpanda ilishusha watu: wanunuzi wa mpunga, walimu wapya, vijana waliosikia habari za dhahabu. Wote walitaka pa kulala.

Marselina, muuza maandazi, na mumewe Ubaldo, fundi baiskeli, walikuwa wamepanga kwa mzee Ponsian miaka minne. Asubuhi moja mzee akaja, akakohoa mlangoni.

"Marselina, kuna mnunuzi wa mpunga anakitaka hiki chumba. Analipa mwaka mzima kwa mkupuo. Nyie nawapa mwezi mmoja."

Marselina hakubishana. Walikuwa na kiwanja pembeni mwa mji, na kuta za tofali za kuchoma zilishasimama. Kilichowashinda ni paa. Masharti ya kiwanja yalitaka bati, nyasi hapana, na muda waliopewa kujenga ulikuwa unakaribia kwisha. Bei ya bati ilipanda mpaka Ubaldo akaacha kuuliza madukani.

Marselina alimsimulia hayo Séverine, muuza maharage kutoka Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi, aliyezoea kunywa chai kwenye kibanda chake. Séverine akacheka.

"Dada, bati si bati tu? Kwetu madebe ya mafuta ya kula tunayapasua, tunatengenezea milango. Mlango ukiwezekana, paa litashindikana?"

Wiki iliyofuata akarudi na madebe matupu arobaini, mengine kichwani, mengine kwa baiskeli za shemeji zake. Marselina akazunguka kwa wenye migahawa kuomba mengine. Ubaldo akafunga kibanda cha baiskeli, akaanza kupasua, kunyoosha na kukunja kingo ili zishikane. Nyundo ililia kutwa nzima. Majirani walikuja kulalamika, wakaishia kushika nyundo.

"Utakaa ndani ya debe kama mafuta!" mzee Ponsian alimtania Ubaldo.

"Bora debe langu, mzee."

Siku ya kupiga msumari wa mwisho, bwana ardhi alifika na faili kwapani. Akaizunguka nyumba mara mbili. Paa lilikuwa la rangi rangi, limejaa maandishi ya mafuta, mengine juu chini.

"Hii ni nini?"

"Bati," Marselina akajibu.

"Bati gani hili?"

"Masharti hayakusema bati jipya, baba. Panda uone kama kuna nyasi."

Bwana ardhi akapanda ngazi kweli. Akagonga, akavuta kona moja kwa nguvu. Haikutikisika. Akaagiza ndoo mbili za maji zimwagwe juu, kisha akaingia ndani akasimama katikati ya chumba, uso ameuelekeza juu. Hakudondokewa na tone. Akatoka, akaandika kwenye faili: *Imeezekwa.*

Marselina akapiga kigelegele mpaka kuku wa jirani wakatimka. Ubaldo, mtu asiyecheza hata harusini, akacheza.

Bwana ardhi alifunga faili, lakini hakuondoka. Akamvuta Ubaldo pembeni, akapunguza sauti.

"Fundi, kiwanja changu kina kuta tupu mwaka wa tatu huu. Na mimi nimepanga, na mwenye nyumba ameshaanza kukohoa mlangoni. Hayo madebe mnayapata wapi?"

Ubaldo akamwelekeza kwa Séverine, aliyekuwa amekaa kivulini akipepeta maharage.

"Leta baiskeli, bosi," Séverine akasema. "Ijumaa twende wote."