Dude la Sponji

Mwandishi wa ile hadithi, Mungu amrehemu huko aliko, alikuwa mvivu. Nasema hivyo kama fundi. Kajaza kurasa tisini kuhusu dude lililoshuka kutoka kwenye nyota kabla ya binadamu kuwapo, likalala chini ya bwawa, na kila anapofika mahali dude linapotokea, anasema halielezeki. Lina macho mangapi? Halielezeki. Lina miguu? Akili ya mtu haiwezi kubeba. Mimi nashona makochi mwaka wa ishirini na mbili huu, na mteja akija kuniagiza kochi lisiloelezeka, namwonyesha mlango.

Tatizo ni kwamba huyu hakuwa mteja. Alikuwa mume wangu.

"Wewe lishone tu," aliniambia, amesimama kwenye karakana yangu na kitabu chenyewe kimekunjwa mfukoni.

"Urefu wake?"

"Refu."

"Refu kiasi gani, baba watoto? Futikamba ninayo hapa mkononi."

Akatazama dari. "Lipite hapo."

Mume wangu ni mpiga video za harusi. Kaanza enzi za kanda, na wakati wake hakuna bibi harusi aliyekubali kuolewa bila yeye. Siku hizi kila mwalikwa ana simu, na maharusi wanamwambia ahsante mzee, tumeshapata. Mwaka mzima alipiga harusi tatu, moja ya binamu yake. Nilipoona maji yamezidi unga, nilikwenda kwa kaka yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi nikamwombea kazi. Kaka hakusita: aanze Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, kaunta ya misumari na bawaba. Mume wangu hakubisha. Alisema tu kwamba kabla ya hiyo Jumatatu anataka kupiga filamu moja, yake mwenyewe, ya hadithi aliyoipenda tangu shule. Mwenye ukumbi wa sinema alikubali kuitazama Ijumaa ya kabla yake. Akiipenda, ataionyesha na kumwagiza nyingine. Asipoipenda, kamera inauzwa.

Basi tukaanza. Kikosi kilikuwa yeye na fundi wake wa sauti, tunayemwita Masikio, na wote wawili hawajawahi kupiga kitu kingine zaidi ya harusi. Siku ya kwanza profesa wa kwenye hadithi anaingia kwenye nyumba iliyolaaniwa, nyumba ambayo hakuna aliyeingia akatoka na akili zake, na mume wangu anapaza sauti: "Polepole, mkono wa kushoto, tabasamu!" Profesa, ambaye siku nyingine ni kinyozi wetu, akatabasamu. Nilicheka mpaka Masikio akanitoa nje kwa kuharibu sauti.

Dude lilinichukua wiki tatu. Ndani sponji, juu mabaki ya ngozi bandia za makochi ya watu: kahawia, zambarau, nyingine ya maua. Macho yake yalikuwa vifungo arobaini, na kwenye mikono nilitia spring za godoro ili itetemeke. Sijisifu, lakini lilipendeza, na hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Kila aliyeingia karakana alitaka kulikalia.

Jumatano mchana tulikwenda kwenye bwawa la kuogelea la nyumba ya wageni iliyofungwa. Asubuhi tulikuwa tumelizamisha dude kwa mawe. Mpango ulikuwa wanaume wanne wavute kamba, dude liibuke, na dada wa profesa, akiwa ukingoni, alione na kupiga ukelele. Aliyepangwa kuwa dada wa profesa aliamka na shavu limevimba kwa jino, kwa hiyo dada wa profesa nikawa mimi.

Sasa nicheke au nilie? Fundi wa makochi mzima nilisahau kwamba sponji hunywa maji. Tangu asubuhi lilikuwa linakunywa tu. Wanaume wakavuta, wakaita mama zao, wakavuta tena, na dude likatoka hadi mabegani, maji yakichuruzika kwenye macho yote arobaini. Mtu asiyelijua angekimbia. Halafu mshono wa shingo ukaachia, likarudi chini, na juu ya maji vikabaki vifungo viwili vinaelea.

"Umelipata?" nikauliza.

Masikio aliisogelea kamera, akarudisha nyuma, akatazama, kisha akaanza kukunja waya zake kwa bidii nyingi.

Mume wangu hakulipata. Ana sheria moja aliyowafundisha vijana wote wa kazi hiyo: bibi harusi akiingia, usimpige bibi harusi, mpige mama yake. Bibi harusi ataonekana kwenye picha mia, lakini ule uso wa mama ni mara moja tu. Dude lilipoibuka, kamera ikageuka, ikanipiga mimi mpaka mwisho.

"Wiki tatu!" nilimwambia, na nilimwambia na mengine ambayo sitayarudia hapa. "Wiki tatu nimeshona dude, wewe unampiga nani? Mimi ndiyo dude?"

"Mkono ulikwenda wenyewe," akasema.

Sponji nyingine haikuwapo, wala siku. Akaiunganisha filamu hivyo hivyo.

Mwenye ukumbi ana tabia moja inayojulikana: filamu ikimchosha, anachezea funguo zake. Ijumaa aliketi mstari wa mbele, mimi na mume wangu nyuma yake, na zile funguo zililia tangu profesa alipotabasamu. Zililia kwenye laana, zikalia kwenye ndoto. Nilitamani kumnyang'anya nizitupe. Mume wangu aliketi mikono mapajani, ametulia kama mtu aliyekwisha kusikia hukumu.

Ukafika uso wangu. Mwanzoni nimekunja macho tu kwa ajili ya jua. Kisha mdomo unafunguka kidogo. Kisha macho yanahama, yanaenda pembeni, na uso wote unaporomoka. Ukelele wenyewe haukutoka. Sikujua kwamba nina uso wa namna ile, na niliona haya kuutazama.

Funguo zilikuwa kimya.

"Rudisha," mwenye ukumbi akasema. Akarudishiwa mara tatu. Halafu akageuka. "Mama, uliona nini pale?"

"Dude," nikasema.

"Likoje?"

"Halielezeki."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akamwambia mume wangu ataionyesha Jumamosi ijayo, mara mbili, na kwamba nyingine ianze kufikiriwa.

Nje jua lilikuwa kali. Mume wangu aliketi kwenye ngazi za ukumbi, nami nikaketi kando yake. Nilidhani atacheka. Badala yake akaniuliza, "Kweli, uliona nini?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini lile dude nilikuwa nimelishona mwenyewe, kila kifungo nakijua, lisingenitisha hata kidogo. Niliyemwona ni yeye. Kamera iliponigeukia, alitoa jicho kwenye tundu lake, akanitazama kwa uso mzima, na ulikuwa uso wa mtu anayeaga. Niliona mzee aliyesimama nyuma ya kaunta, anawapimia watu misumari hadi siku ya kufa kwake, na aliyempeleka pale ni mimi, kwa mapenzi yangu mema yote. Niliogopa sana.

"Nilikuona wewe," nikamwambia. "Dukani kwa kaka. Nisamehe."

Akaangalia viatu vyake.

"Mkono ulikwenda wenyewe, huo si uongo," akasema. "Lakini nilikuwa na nafasi ya kuurudisha kwenye dude. Aliyekataa kuurudisha ni mimi. Hujawahi kunitazama vile."