Fidla Moja Ikabaki

Mji mzima wa Mannheim unajua sina kifua: siri ikiniingia asubuhi, mchana wauza mikate wanayo. Moja tu niliificha, miaka miwili. Mzee Kettner, jirani yangu wa kiti katika fidla za pili za okestra ya mtawala, alikuwa kiziwi.

Hakugundulika, maana kwetu pinde zote hupanda na kushuka pamoja. Sauti ikianza kama mnong'ono, tunagusisha ncha tu. Ikikua, tunavuta upinde wote. Mzee aliiga kwa macho. Ila pale kishindo kinapokatwa ghafla kuwa kimya, macho hayawahi. Hapo nilikuwa nikimgonga kwa goti langu, aache.

"Goti lako linasinzia, Wendelin. Gonga kama mwanamume!" aliniambia jioni moja kabla hatujapiga.

"Nikikuvunja mguu?" nikamwuliza kwa ishara.

"Mguu haupigi fidla. Mke wangu nimemzika, masikio yamekwenda. Wakinitoa kwenye kiti hiki, nabaki na nini?"

Jioni hiyo ukumbi wa mtawala ulifurika, mabibi na karata zao, mabwana na chai. Tukaanza chini kabisa. Sauti ikapanda pole pole, ikavimba, ikatetemesha vikombe. Karata zikawekwa mezani. Watu wakaanza kuinuka vitini bila kujijua, na mimi, mpenda watu, nikageuza macho kuwatazama.

Nikasahau goti.

Okestra ikanyamaza. Fidla moja ikabaki ikilia kwa nguvu zote, mapigo mawili, peke yake.

Wageni walipotoka, kiongozi wetu, Bwana Riedhammer, akauliza, "Nani yule?"

Nikasimama. "Mimi, Bwana."

"Usinichezee. Upinde wako niliuona umetulia."

"Kosa ni langu, Bwana."

Mzee hakusikia neno. Aliniona nimesimama, akaona nyuso zimeinama, akaelewa. Akanivuta koti, akanikalisha, akasimama yeye.

"Sisikii, Bwana Riedhammer. Miaka miwili sasa. Huyu alikuwa ananisitiri."

Hakuna aliyecheka, hata wapiga pembe, wenye mzaha hadi msibani. Riedhammer alishuka jukwaani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie upesi. Hapo sote tukajua kwamba kiti kimekwenda.

Mzee akalegeza upinde, akailaza fidla sandukuni. Kisha akaniinamia.

"Wendelin, mimi macho yangu yalikuwa kwenye pinde zenu tu. Wale wa karata, walisimama?"

"Wote, Mzee," nikasema, halafu nikakumbuka, nikaitikia kwa kichwa.